Njia Anazozikumbuka Efrén

Februari 8

Daktari wa Tucson ameniambia niandike kidogo kila siku kuhusu mume wangu: amesahau nini, amekasirikia nini, amelala vipi. Nimemkubalia. Lakini sitaki kumwandika Efrén kama mtu anavyoandika ugonjwa wa ng'ombe. Nitaandika siku zetu, naye atakuwamo.

Leo tumefungua kituo cha wageni. Mvua za baridi zimenyesha kwa wingi, na kila mtu hapa Palo Fierro, kijiji chetu cha jangwani Arizona, anasema mwaka huu jangwa litachanua hadi lijishangae lenyewe. Kazi yangu ni kukaa mezani na kuwaelekeza wageni: pa kutembea, pa kupanda, pa kupiga hema, pa kula. Bosi ni Loretta Stiles, mwanamke mrefu, mkavu kama nguzo ya uzio. Ana sheria moja tu: usimpeleke mgeni kwenye njia usiyoiona mwaka huu kwa macho yako mwenyewe. Yeye hutoka alfajiri kwenda kukagua barabara za vumbi, na hurudi nyusi zimegeuka nyeupe.

Nimekwenda na Efrén. Tangu siku aliyowasha jiko akaenda kulala, simwachi peke yake. Loretta alimtazama, kisha akanitazama mimi.

"Atakaa tu," nikasema.

"Sawa. Akae tu," akajibu, kama mtu anayerudia maneno ya mahakamani.

Simpendi mwanamke huyu.

Februari 11

Kukaa tu kumemshinda Efrén. Walikuja mke na mume kutoka Ohio, viatu vipya, kofia pana, wakauliza maua yako wapi. Nikaanza kuwaeleza njia ya bondeni. Mara nikasikia kiti kinasukumwa nyuma yangu.

"Bondeni wanakwenda kondoo," Efrén akasema. "Nyinyi si kondoo. Nendeni mteremko wa mashariki wa Mlima Punda, saa nne hivi, jua likishapasha moto. Maua yale ni mavivu kama shemeji yangu, hayaamki mapema."

Walicheka mpaka yule mama akashika meza. Efrén akawachorea njia hewani kwa kidole, kila kona na kila jiwe. Nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu ana sauti kubwa namna ile. Nyumbani siku hizi ananong'ona, kama mtu aliye ugenini.

Jioni wale watu walirudi makusudi kumshukuru. Maua waliyaona.

Februari 12

Upepo mkali. Wageni hakuna. Efrén ameuliza siku nzima kama leo ni Jumapili.

Februari 17

Ximena, binti yetu, amepiga simu kutoka Phoenix.

"Mama, mtakuja lini? Chumba kipo tayari. Kuna na kituo cha wazee hapa karibu."

"Baba yako ana kazi."

"Kazi gani tena?"

"Anaelekeza wageni. Muulize mtu yeyote hapa."

"Mama, juzi alinipigia simu akaniita Socorro."

Socorro ni dada yake Efrén aliyefariki zamani. Nikamwambia Ximena kwamba sauti zao zinafanana. Hazifanani hata kidogo.

Asubuhi ameweka funguo za gari ndani ya friji, akanilaumu mimi. Mchana, mezani, amemweleza kijana mmoja mpanda miamba tofauti ya jiwe linaloshika na jiwe linalomeguka, na yule kijana akamsikiliza kwa heshima kama yuko darasani. Nieleweje? Ni kama ana nyumba mbili kichwani. Moja inabomoka, na nyingine bado taa zinawaka. Nami nampeleka kila siku kwenye ile yenye taa.

Februari 20

Nimegombana na Loretta.

Kuna mgeni Efrén alimwambia akale tamale, ule unga wa mahindi unaopikwa ndani ya maganda yake, kwa Chalo, nyuma ya kanisa. Chalo alikufa. Nyumba yake sasa ni ya mtu wa Chicago anayekuja wakati wa Krismasi tu, na ana mbwa. Mgeni alirudi akiwa na njaa, na suruali imechanika.

"Leo ni suruali," Loretta akaniambia nje, karibu na pipa la maji.

"Efrén Quihuis amezitembea hizi njia kabla wewe hujajua Arizona iko wapi."

"Najua. Sisemi hajazitembea. Nasema hajazitembea mwaka huu."

"Unataka nimfunge kamba kwenye kitanda?"

Hakujibu. Aliingia ndani akaendelea kupanga chupa za maji. Nilitamani anijibu. Mtu asiyejibu hukuachia maneno yako mwenyewe mkononi, uyatazame.

Februari 24

Mvua ndogo. Jangwa limenukia ile harufu yake. Efrén alitoka nje bila shati akasimama kwenye manyunyu. Nami nilitoka nikasimama naye.

Machi 1

Yamefunguka.

Sijui niandikeje. Miteremko yote ya kusini imekuwa rangi ya chungwa, kama mtu amemwaga rangi kutoka kileleni ikatiririka hadi barabarani. Kati yake kuna zambarau, na hata yale madungusi marefu yenye mikono yanaonekana kama wazee waliovalishwa kanzu za harusi kwa nguvu. Magari yamejipanga mpaka darajani. Tumeishiwa maji ya kuuza, tumeishiwa karatasi za chooni, na Loretta amecheka, mara ya kwanza kumsikia, kwa sababu mtu mmoja ameuliza maua yanafungwa saa ngapi.

Bibi mmoja wa makamo, peke yake, macho mekundu kidogo, aliniuliza: "Wewe mwenyewe, ungekuwa na asubuhi moja tu hapa, ungekwenda wapi?"

Nikamwambia apande Kiti cha Askofu kabla ya jua kuchomoza. Nikamweleza jinsi mwamba wa juu ulivyochimbika kama kiti chenye mgongo, na jinsi mwanga unavyoanza kwenye vilele vya mbali halafu unashuka kuja kwako, pole pole, mpaka unakugusa magoti.

"Unakwenda mara nyingi?" akauliza.

"Mara nyingi sana."

Sijapata kwenda hata siku moja. Nimeendesha basi la shule maisha yangu yote, na Jumamosi zangu zilikuwa za kufua. Efrén ndiye aliyekuwa anapanda. Alikuwa akirudi na miiba kwenye soksi, anasimama nyuma yangu nikigeuza tortilla, chapati zetu za mahindi, ananisimulia. Kila ninachowaambia wageni nimekisikia mbele ya jiko.

Machi 6

Siku ya fujo. Basi zima la wastaafu, wote wanataka choo, na choo ni kimoja. Nilipoinua kichwa nikamwona Efrén amesimama dirishani na watu wawili: mzee mnene anayechechemea, na binti yake, msichana wa nywele nyeupe kama pamba. Kidole cha Efrén kinachora hewani. Msichana anacheka. Walipiga naye picha wakaondoka.

"Wale nani?" nikamuuliza baadaye.

"Wale nani?" akaniuliza yeye.

Saa kumi mawingu yamepanda kutoka magharibi, meusi chini kama sufuria. Sasa inanyesha. Inanyesha kweli kweli.

Machi 7

Nitaandika yote.

Imenyesha usiku kucha. Asubuhi tulipofungua tu, Jayesh mwenye moteli alikuja mwenyewe akikimbia, viatu vimejaa matope. Akasema wageni wake wa Minnesota, baba na binti, hawakulala kwenye vitanda vyao. Gari lao halipo. Simu hazipatikani. Wakati wa kutoka jana walimwambia kwamba mzee mmoja mwenye kupendeza pale kituoni amewapa mahali pasipo kwenye ramani yoyote.

Loretta aliweka kikombe chini. "Aliwaambia waende wapi?"

"Sikusikia," nikasema. "Nilikuwa na wale wa basi."

Nikamgeukia Efrén. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, ananyoosha ukingo wa kofia. Nikapiga magoti mbele yake nikamshika mikono.

"Efrén. Jana. Mzee anayechechemea na msichana wa nywele nyeupe. Uliwapeleka wapi?"

"Msichana gani?"

"Mlipiga picha! Hapo dirishani! Kumbuka!"

"Sijaona msichana."

"Kumbuka, mzee wangu, tafadhali, watu watakufa!"

Nilikuwa napiga kelele. Nilimtikisa. Naandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nilimtikisa mabega kama mtu anavyotikisa mti. Akaanza kulia, akajifunika uso kwa kofia, akawa anasema, "Sijafanya kitu, sijafanya kitu."

Loretta akanishika bega. Sikutegemea mkono wake uwe na joto. "Ondoka hapo," akasema kwa upole. "Kaa kule. Usiseme kitu."

Akamletea Efrén kahawa, yenye sukari nyingi anavyopenda. Akamwacha anywe. Jayesh alitaka kuuliza kitu, Loretta akamnyamazisha kwa kidole. Kisha akavua beji yake, akachukua kofia ya mgeni mmoja iliyosahauliwa, akatoka nje, akafunga mlango.

Akabisha hodi.

Efrén akainua uso. "Karibu!"

Loretta akaingia akichechemea kidogo. "Habari za asubuhi, mzee. Ndiyo kwanza nafika kutoka Minnesota. Huko kwetu bado theluji. Nipo na baba yangu, goti lake bovu, kupanda milima hawezi. Tuna siku moja tu. Watu wamejaa kila mahali. Wameniambia nikuulize wewe."

Nikaona mume wangu anarudi. Sijui namna nyingine ya kulisema. Mgongo ulinyooka. Akafuta macho, akakaribia dirisha.

"Goti bovu! Na mimi ninalo moja," akasema. "Sikiliza, binti. Kuna tao la jiwe ambalo wenyeji wenyewe hawalijui. Maji yanadondoka chini yake mwaka mzima, na njia ni tambarare kama meza. Unalipita geti la ranchi ya Bustamante. Kinu cha upepo kiache kushoto kwako. Halafu unashuka kwenye mto mkavu wa mchanga, unaufuata na gari, usisimame, ukisimama unazama. Ukiona mwamba mweupe mithili ya ng'ombe aliyelala, hapo simama. Baba yako atatembea kidogo tu. Mwambie achukue koti, chini ya tao kuna baridi."

"Asante, mzee," Loretta akasema. Uso wake ulikuwa umegeuka majivu.

Hata mimi, dereva wa basi, naijua barabara ya Bustamante. Ilichukuliwa na mafuriko miaka mingi nyuma. Kingo zilimeguka, na tangu hapo milima yote ya kaskazini inamwaga maji yake kwenye mto ule ule wa mchanga. Usiku kucha ilikuwa inamwaga.

Loretta alikwisha kuwa kwenye redio anaongea na watu wa sherifu kabla sijasimama.

Saa sita wakaliona gari. Limelala ubavu, mchanga hadi madirishani, ndani hamna mtu. Hilo ndilo tulilolijua kwa muda mrefu: gari tupu. Jayesh alikuwa anaomba kwa lugha yake. Mimi nilikuwa nahesabu shanga za rozari bila kujua niko wapi. Efrén alikuwa anawaelekeza wageni waliofika, ana furaha, anachekesha watu, na sikuweza kumzuia wala kumtazama.

Saa nane helikopta ikawapata. Maji ya kwanza yalipogusa magurudumu walitoka garini wakakimbilia juu, wakalala usiku kwenye ukingo wa jiwe chini ya lile tao. Binti amevunjika mkono. Baba alikuwa amepoa hadi hawezi kutamka jina lake. Wako hai.

Wako hai. Nimeliandika mara ya pili ili nilione.

Machi 9

Nimekwenda hospitali peke yangu. Jayesh amekaa na Efrén.

Msichana anaitwa Annika. Baba yake ni mchungaji wa kanisa. Nilimpa salamu, nikamwambia nimekuja kuomba radhi, na kwamba mume wangu ni mgonjwa wa kumbukumbu, nami nilijua.

Annika alinishika mkono kwa ule wake mzima. "Tulilifikia," akasema. "Pale mahali. Ni pazuri kama alivyosema."

Lakini baba yake hakutabasamu. Akasema, "Nilimtazama mwanangu usiku mzima nikidhani atakufa kabla yangu. Simchukii mumeo. Wewe ndiye uliyekuwa na macho. Yule mzee asikae pale tena."

Nilikuwa nimejiandaa kusamehewa au kutukanwa. Sikuwa nimejiandaa kuambiwa kweli.

Machi 10

Leo nimemwacha Efrén na jirani. Alisimama mlangoni na kofia kichwani mpaka nilipopotelea kwenye kona. Nilimwona kwenye kioo cha gari.

Machi 11

Vivyo hivyo.

Machi 12

Nilimpelekea Loretta funguo za kituo. Nilijua ataniondoa, nikaona bora nijiondoe mwenyewe.

"Weka hapo kisha kaa kitako," akasema. "Watu wa wilaya wamekuja jana. Wameuliza nani alimruhusu. Nimewaambia ni mimi."

"Si kweli."

"Nilisema 'akae tu'. Nilijua hatakaa tu. Hakuna mtu anayekaa tu." Akasugua nyusi zake zenye vumbi. "Nilipenda kumsikiliza, Bi Ofelia. Hilo ndilo kosa langu. Sasa nisikilize. Alfajiri nikizunguka barabara za ranchi, kila baada ya hatua kuna geti. Nashuka, nafungua, napanda, napita, nashuka, nafunga. Mgongo wangu umechoka. Naomba mzee awe ananifungulia mageti."

"Sihitaji huruma yako, Loretta."

"Na nani kasema huruma? Nimesema mageti."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu akaniletea ile kahawa yake mbaya.

Machi 19

Loretta anampitia Efrén kabla ya jua. Wanarudi saa tatu, wote wawili weupe kwa vumbi kama waokaji. Efrén anamwita "bosi". Kuna siku anakataa kutoka, anasema hamjui mwanamke yule mrefu. Loretta anasubiri kidogo nje, injini ikinguruma, kisha anakwenda zake bila neno. Kesho yake anakuja tena.

Ameniambia Efrén hafungi geti lolote bila kulipapasa kwanza, kama shingo ya farasi.

Machi 27

Maua yanaanza kukauka kuanzia chini kwenda juu.

Aprili 4

Joto limefika ghafla. Ximena amekuja na gari lake, ametukuta uani. Baba yake alimkaribisha kwa adabu kubwa, akampa kiti, akamuuliza ametoka mbali.

"Phoenix," Ximena akasema.

"Mji mzuri. Nina binti huko."

Mwanangu alivumilia mpaka jikoni. Huko akaegemea friji akalia kama alivyokuwa akilia utotoni, bila sauti. Nilimshika. Nikamwambia hivi: tutakuja Juni. Siyo kwa sababu umenishinda. Ni kwa sababu siku moja nilimtikisa baba yako, na sitaki kufika tena mahali hapo nikiwa peke yangu.

"Kwa nini siyo sasa, Mama?"

"Nina mambo hapa."

Sikujua ni mambo gani. Nilijua tu kwamba yapo.

Aprili 15

Wageni wawili tu leo. Loretta anahesabu chupa zilizobaki. Bila kugeuka akauliza, "Kile Kiti cha Askofu unachowauzia wageni kwa maneno matamu. Hivi umewahi kukipanda?"

Ningeweza kusema mara nyingi sana.

"Sijawahi."

Akageuka. "Umevunja sheria yangu msimu mzima."

"Ndiyo."

"Mbele ya macho yangu."

"Ndiyo, bosi."

Ndipo akacheka kicheko kile adimu. "Njia iko salama, niliiona Jumanne. Ondokeni giza lingalipo. Nyoka wenye njuga mkiani wameshaanza kutoka, pigeni mawe kwa fimbo mnapopita. Na magoti yenu yale, msishindane."

Aprili 17

Tumekwenda.

Nilimwamsha Efrén nikamwambia tunatoka kidogo. Hakuuliza wapi. Alibeba maji, mimi nikabeba mkate, maharage na chupa ya kahawa. Nilidhani nitamwongoza. Dakika chache tu kutoka garini nikagundua kwamba ninamfuata. Hakujua jina la mlima, nilimuuliza. Lakini miguu ilijua. Ilikwepa jiwe bovu kabla macho yangu hayajaliona. Penye mteremko wa changarawe aligeuka, akaninyooshea mkono, akasema, "Pole pole, bibi yangu, hapa huwa panateleza." Huwa. Alisema huwa.

Nilipumzika mara nyingi. Nyonga zangu ni za kiti cha dereva. Mbingu ilikuwa imeshaanza kupauka tulipofika juu, na kweli mwamba umechimbika, una mgongo, na wanatosha watu wawili wakibanana. Tukabanana.

Halafu mwanga ukaja. Ulianza kule mbali, mstari mwembamba kwenye vilele, ukashuka. Ukapita juu ya miteremko ambayo maua yake yamekwisha, ukapita juu ya madungusi, yakapata vivuli, ukapita paa la kituo, dogo kama kibiriti. Nilikuwa nimewaeleza mamia ya watu jambo hili, na sikujua kwamba hakuna sauti. Hilo Efrén hakuwahi kuniambia. Au aliniambia, nami nilikuwa nageuza tortilla.

Ukatugusa magoti.

Efrén alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Alitazama kila upande, kwa makini, kama mgeni aliyelipa nauli kubwa na kuona haikupotea.

"Hapa mahali," akasema. "Nani alikuelekeza?"

Nikamwongezea kahawa kikombeni.

"Kuna mzee mmoja wa hapa hapa Palo Fierro."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Akanywa kahawa yake.

"Ukimwona," akasema, "mwambie asante sana. Mwambie tumefika."